Sudi, Nimewakatalia Sura Yako

Sudi, mtani wangu, Mzaramo usiye na haya,

Huku Mbagala hadithi yetu wanaisimulia vibaya, wote. Kijiweni wanasema ile nguo yako ya shujaa wa filamu ilitengenezwa na kompyuta. Kompyuta! Inajua kushika sindano? Ni mie Kulwa, Mnyamwezi nisiyewahi kukanyaga darasa, niliyekata godoro la sponji nikakutengenezea kifua, maana chako kilikuwa kama cha kuku mwenye mdondo. Nikapaka gundi ya viatu, nikabandika raba za kandambili, nikapiga rangi ya fedha. Dunia nzima hakuna fundi aliyemvisha muuza kahawa kama wewe akaonekana anaweza kuinua lori. Kompyuta ilipewa kazi ndogo tu: kufuta ile kamba tuliyokuning'iniza nayo, na kuweka mawingu pale palipokuwa na kitambaa cha kijani.

Na ulivyokuwaga mbishi! Unaning'inia pale, "Kulwa, kwapa linawasha." Nakwambia shujaa hajikuni. Unajikuna.

Halafu ukafa. Presha, kitandani kwako, imebaki sini moja tu ya filamu kupigwa. Ile ya mwisho, ya kuruka. Sasa mtu gani anakufa imebaki moja?

Msibani nako, wanasema eti nilichanganyikiwa. Waongo. Nilifanya kazi ya mtani. Watani wenzangu walivaa kanzu zako na kofia zako wakakuiga, mie nikavaa ile nguo. Nikapita chini ya turubai nikiburuta mguu wa kushoto kama wewe, nawamiminia watu kahawa isiyokuwepo kwa sauti yako: "Kunywa hivyo hivyo, sukari kamuombe mama yako!" Watu walishika mbavu. Hata mkeo Zuhura, ndani nyuma ya pazia, nilimsikia akicheka.

Sasa Rehema, yule binti mwenye filamu, alikuwepo, akaniona. Arobaini ilipopita akaja kibandani kwangu.

"Shikamoo babu. Ile sini ya mwisho ivalie wewe. Mwili utakuwa wako, halafu kwenye kompyuta tutabandika sura ya Mzee Sudi. Wala hakuna atakayejua kama amefariki."

Alishamuuliza Zuhura. Zuhura kasema, atakavyosema shemeji Kulwa ndiyo hivyo hivyo.

Sudi, mie ninayeongea mpaka watu wanazima redio, nikashika mkasi nikawa nakata vipande vya sponji visivyo na kazi. Nikikataa, filamu inaweza kufia pale, na wewe ulitamani watu wakuone mpaka Bunju. Nikikubali... sijui. Mtani akikuiga, kila mtu anajua umekufa, ndiyo maana wanacheka. Hii kompyuta inataka wasijue. Na mwanamke wako atakaa atazame mume anapepesa macho, anatabasamu, na mume mwenyewe hayupo.

Nguo tumegawana. Sura hukumgawia mtu.

Nimewakatalia. Rehema kanuna, "Babu, unatuharibia kazi." Nikamwambia kaa hapo kwenye benchi. Nikashona kofia kubwa la sponji, linafunika uso wote, matundu ya macho tu. Akalishika, akaligeuza, akasema haya, shujaa amezeeka, anaficha makunyanzi. Jana tumepiga. Nimening'inia kwenye kamba umri huu, mguu nauburuta hata hewani, wale vijana wa kamera wanapiga makofi. Ndani ya kofia nilikuwa nalia. Uzuri wa sponji, linanyonya.

Basi lala, Mzaramo. Filamu ikitoka jina lako litatangulia langu, japo fundi ni mie. Na maadamu naishi, sura yako haitavaliwa na mtu. Zuhura nitakuwa nampitia kila Ijumaa, napiga hodi kwa sauti yangu mwenyewe, nataja na jina langu kabisa, asikosee.

Maana pale niliposema alicheka, hapo nimetunga. Hakucheka. Aliinuka kwenye mkeka, akaja mpaka kwenye pazia, akauliza, "Sudi, umerudi?"