Chupa ya Mama Mkwe

Shoga, nimejifungia bafuni. Usinipigie, watasikia.

Ile chupa ya kioo ya mama mkwe, aliyoachiwa na marehemu mumewe, imepasuka kwenye friza. Ni mimi niliyeijaza maji mpaka mdomoni, nikakaza kizibo kwa nguvu zote. Mimi! Mwalimu wa fizikia!

Na leo hii asubuhi nimefundisha hayo hayo: maji yakiganda, chembe zake hujipanga kwa kuachiana mapengo, ndiyo maana barafu inataka nafasi kubwa kuliko maji. Nilichora na picha!

Mama mkwe kafungua friza, kioo vipande vipande, barafu imesimama na umbo lile lile la chupa. Akamgeukia wifi yangu mdogo: "Ni wewe tu! Mikono yako haitulii!"

Nami nikanyamaza. Shoga, NIKANYAMAZA. Nikajifanya nasugua sufuria.

Wifi, ambaye namfundisha mwenyewe, akaanza kulia: "Mama, haijaangushwa. Ilijazwa sana, maji yakaganda, ikapasuka. Muulize mwalimu, katufundisha leo."

Muulize mwalimu!

Nikajibu, "Inawezekana, mama." Inawezekana! Hata hapo sikusema ni mimi.

Mama mkwe akakitazama kizibo, akanitazama mimi. Akasema polepole: "Kumbe hata maji yakibanwa sana yanasema. Wewe je, mwanangu?"

Nikakimbilia huku.

Sasa wifi anagonga mlango. Ananiita "mwalimu", tena kwa upole. Afadhali angenitukana.