Risasi ya Nyavu za Baba

Jumanne, Rusinga

Leo nilimpeleka Baba kliniki. Daktari alisema, "Mzee, damu yako iko chini. Endelea na vidonge vya chuma."

Baba akacheka. "Nimemeza miezi mitatu, daktari. Labda sasa nivitafune?"

Ufizi wake una mstari wa buluu, alama ya sumu ya risasi. Shuleni tulifundishwa kwamba madini ya risasi huzuia mwili kutengeneza hemu, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa hiyo hata chuma kikijaa, damu haiongezeki. Na Baba huyeyusha risasi ya betri kuukuu jikoni kwetu, atengeneze vizito vya kuzamisha nyavu. Niliona haya kumwambia daktari.

Jioni Baba na Mama wakayeyusha tena. Mama, mwenye mimba ya miezi sita, ndiye aliyechochea moto. Nikamwita atoke kwenye moshi, maana sumu hiyo humfikia hata mtoto tumboni.

"Kuna nini?"

"Hakuna, Mama," nikasema, kwa haya ile ile.

Akarudi kuchochea.