Vidole Badala ya Makofi

Jumamosi usiku

Hata viatu sijavua. Laiti ningemwambia Mama mapema kwamba kwenye kikundi chetu cha mashairi hatupigi makofi. Neno likitugusa, tunaalisha vidole, gumba na cha kati, ta! ta! Sikuwaza, nimeshazoea mno.

Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuja kunisikiliza. Alifunga mapema kibanda chake cha nafaka pale Majengo, akaketi mbele kabisa na ushungi wake wa sikukuu. Wenzangu wote walimpa shikamoo, Mgogo, Mnyakyusa, hadi dada mmoja wa Kihindi wa mtaa wa Area D, naye akawa anafurahi.

Nikaghani shairi la shamba letu, lililokatwa viwanja bila sisi kuulizwa. Nilipofika pale Mama anapoingia kwa afisa wa ardhi kulalamika, ukumbi mzima ukaalisha vidole. Mama akainuka, akatoka.

Nilimkuta nje amesimama. Nikamweleza kwamba vile ndivyo tunavyosifiana. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yule afisa hakunijibu hata neno," akasema. "Alialisha vidole hivyohivyo, akanionyesha mlango."

Miaka yote hii hajawahi kunisimulia hilo. Nami shairi lile nimelizungusha kila mahali, nikijiona ndiye ninayemsemea.

Tukapanda bajaji hadi nyumbani Nzuguni.

Sasa simu haitulii, kikundi kinanipongeza. Wanasema shairi lilimgusa Mama mpaka akashindwa kukaa.

Na lile shairi wanalitaka tena wiki ijayo.