Injinia Amekuja Kusoma

Jumatano. Baridi ya Agosti imekaa Makongeni kama mgeni asiyejua kuaga.

Nimeitwa chuo kikuu kusomea uhandisi, na sijui kalkulasi. Wacha niandike hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka.

Shuleni kwetu mada hiyo ya hesabu ilikuja mwisho wa kidato cha nne, wakati hakuna tena anayefundisha jambo jipya. Mwalimu alituambia tuiruke. Sehemu ya pili ya mtihani mtu huchagua maswali matano kati ya manane, basi sisi tulijiandaa kwa yale yetu na mengine tukayapa kisogo. Tulipita vizuri. Mpango wa mwalimu haukuwa na kasoro, ila uliishia mlangoni pa kutokea chumba cha mtihani.

Mama alitoa shukrani mbele ya kanisa zima. Tangu siku hiyo naitwa Injinia. Hata wachoma nyama wa soko la Burma huniita hivyo nikipita.

Jana nilitazama kwenye simu somo la mwaka wa kwanza. Mhadhiri alianza na "kama mnavyokumbuka kutoka sekondari". Sikukumbuka chochote. Niliogopa, nikaingia kwenye tovuti ya chuo kutafuta kozi isiyo na hesabu. Mwisho wa kubadilisha ni Ijumaa.

Mdogo wangu Nekesa yuko kidato cha nne, na likizo hii wanasoma tuisheni katika ukumbi wa kanisa. Wiki hii wako kwenye kalkulasi. Aliponiona nikihangaika alisema, "Si ukuje tu. Kwani nani atakukula?"

Leo nikaenda. Kosa langu ni kwamba niliingia kwa mlango wa mbele.

Mwalimu wa tuisheni alifurahi sana. "Mnaona? Injinia amekuja kutusaidia." Wakapiga makofi. Akanipa chaki. Ubaoni kulikuwa na mstari uliopinda, na swali lilitaka mwinamo wake kwenye nukta moja.

Ningeweza kusema nina haraka. Uongo ulikuwa umeshafika ulimini.

"Mwalimu, hii sikufunzwa. Nimekuja kusoma."

Nekesa alitazama dawati lake. Nikarudisha chaki, nikaketi kando yake na kuazima kalamu. Masikio yaliniwaka kwa aibu hadi mwisho wa kipindi. Mwinamo niliupata hatimaye, baada ya kukosea na kufuta. Si jambo la ajabu kumbe, ni kazi tu.

Mvulana mmoja aliuliza kama wanaweza kuliruka swali hilo kwenye mtihani. Mwalimu alinitazama kidogo, kisha akaendelea kuandika.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta Mama akikatakata sukuma wiki. Nilingojea maneno kuhusu kanisa na majirani, na hayakuja. Alisema tu, "Kesho ubebe kalamu yako mwenyewe."

Nimeitia mfukoni. Ijumaa nitakuwa ukumbini, na hiyo tovuti ijifunge yenyewe.