Kuujaribu Mwanga wa Korongoni

Jumanne. Mvua ya masika tangu alfajiri, ukungu umekaa mpaka mlangoni. Ninaandika nikiwa kwa jirani yangu, Mama Fransiska, huku juu mgongoni mwa kilima. Ninaandika haraka, kwa hiyo anayesoma asinisahihishe.

Ninaogopa. Haya, nimelisema.

Nyumba yangu iko chini ya mteremko uliopasuka ufa masika iliyopita. Mjukuu wangu Rozina, fundi wa redio na simu pale Morogoro mjini, aliniambia nihame. Nilimfukuza kwa mwiko. Niiache nyumba ambayo mawe yake niliyabeba kwa kichwa hiki? Basi akaja na vyuma vyake. Akasimika nguzo mbili kule juu: moja upande huu wa korongo, penye mwamba, nyingine ng'ambo, kwenye udongo wenye ufa. Ya huku inatoa mwanga usioonekana, wa kitaa kama cha rimoti ya televisheni. Ya ng'ambo ina jicho la kuupokea. Udongo ukisogea, nguzo inainama, mwanga unalikosa jicho, king'ora kinalia nyumbani.

Mwanzoni kilikuwa kero tupu. Mwanga hafifu, korongo pana, ukungu kidogo tu kinapiga kelele. Rozina akaongeza umeme, kitaa kikaungua. Ndipo akakifanya kiwake kwa mapigo: kinawaka kwa nguvu, kufumba na kufumbua kimezima, kinapumzika, kinawaka tena. Kwa kuwa kinapumzika, kinastahimili umeme mwingi na mwanga unafika mbali. Na jicho linayatambua mapigo hayo tu, halibabaishwi na jua.

Nikamwambia, kwani hilo geni? Ukimwita mtu wa kilima cha pili huvuti yowe moja refu mpaka koo likauke. Unakata. Huu! Unavuta pumzi. Huu!

"Ndiyo hivyo hivyo, bibi," akacheka. "Ila wewe huungui."

Tangu siku hiyo, kimya. Na kimya hicho ndicho kilichonitia hofu. Zamani kikilia hovyo nilijua kinafanya kazi. Leo mvua yote hii na hakuna sauti. Ni salama, au betri imekufa?

Mchana nikapanda mpaka penye nguzo ya upande huu. Rozina alinifundisha: weka mkono mbele ya kitaa, king'ora kitalia, toa, kitanyamaza. Nikaweka. Kikalia kule chini nyumbani, nikafurahi kama mjinga.

Nikatoa mkono.

Kikaendelea kulia.

Nikaurudisha, nikautoa tena. Kinalia tu. Nikatazama ng'ambo, ukungu mtupu, nguzo siioni. Sijui nilishukaje. Mume wangu alikuwa kitandani, miguu yake siku hizi haina nguvu. Mama Fransiska alishasikia kelele, akaja mbio, tukambeba mzee huku ananilalamikia.

"Umeisukuma nguzo mwenyewe, Mama Yustina! Mikono yako mizito, sufuria zote humu umezing'oa mikono!"

"Nyamaza ubebwe, mzee."

Lakini huenda anasema kweli. Pale juu paliteleza. Huenda nilijishikilia kwenye nguzo nikaipinda, na udongo wa watu umetulia mahali pake. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki. Ninachokikumbuka ni ile sauti tu.

Nimempigia Rozina. Amenikaripia, mimi bibi yake, kama mtoto aliyechezea moto: "Usirudi hata kuchukua kanga! Nakuja kesho asubuhi." Sikumjibu vibaya. Hapo ndipo nilipojua nimeogopa kweli.

Ukungu ukifunguka kidogo ninaliona bati langu. Lipo. Kila likipotea ninaacha kuandika mpaka lirudi.

Mzee amekaa mlangoni anasema nyumba ipo, twende nyumbani, maharage yataungua. Yaungue. Kama ni mkono wangu, kijiji kizima kitanicheka masika yote, na wacheke, nitawasikia kwa masikio yangu nikiwa hai.

Anatafuta fimbo yake ili aondoke. Haioni. Nimeikalia.