Kazi ya Kuanguka

Dada yangu,

Shikamoo. Shuka zimefika, ile ya bluu nimeshailalia.

Unauliza kazi. Bado naanguka. Bosi wangu, mwanasaikolojia, anaamini mtu akiwa peke yake humsaidia mgonjwa upesi, lakini wakiwa wengi kila mmoja humtegea mwenzake. Basi huwakalisha watu chumba cha kusubiri, mara mmoja, mara kundi zima. Mimi napita, najiangusha, naye na wenzake wanapima muda nyuma ya kioo. Magoti yangu, acha tu.

Juzi kizunguzungu kilinishika kweli. Nikaanguka, mdomo ukapasuka. Usimwambie mama, daktari bado anatafuta chanzo. Kwenye benchi alikuwepo fundi cherehani mmoja tu. Aliruka, akanikalisha, akanifuta damu kwa shati lake.

Baadaye bosi akatoka. "Leo umeanguka vizuri, mdogo wangu."

"Hata damu hamkuiona?"

"Tuliiona," akasema, akitazama viatu vyake.

Wazo lake ni la kweli kabisa, dada. Nyuma ya kioo walikuwa wanne.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuandikia nikiwa nimekaa.