Neno Langu Kuhusu Jiwe la Nyuma ya Nyumba

Tennessee, milimani,
Marekani

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, kazi za asubuhi zimeisha, na lile goti la kushoto limekuachia kidogo. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala, na kikohozi nilichokuwa nacho wakati wa baridi kimekwisha kabisa. Alizeti mmeshapura, au bado iko juani? Kuku waliopona kideri wameanza kutaga? Hayo nijibu kwanza, kabla ya mengine yote, maana ukiyaruka nitajua kuna jambo unanificha.

Karatasi hizi nimemtumia Neema wa Baba mdogo kwenye simu, akazichapishe mjini na kukuletea. Nimemwambia akupe wewe mkononi, si baba yake. Utajiuliza kwa nini sikupiga. Mama, tukiongea kwa simu unaweka sauti ya nje, Baba mdogo anakaa pembeni, jirani anapita anasalimia, na wewe unawajibu watu wote isipokuwa mimi. Jumapili ile uliponipa habari ya mtu wa lori, nilimsikia Baba mdogo nyuma yako akisema, "Mwambie jiwe halikamuliwi. Limekaa tu pale, hata kivuli chake kinaangukia shamba la mwenzetu." Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Salome, baba yako hayupo, Daudi hayupo. Mkubwa ni wewe. Yule mtu anataka kulivunja jiwe lote apate kokoto, na mimi nimechoka nalo. Lakini sitamjibu mpaka nisikie neno lako."

Nikakuomba muda. Neno lenyewe limo humu ndani, ila siwezi kulitoa kabla sijakueleza nimelipata wapi.

Chuo kimefungwa kwa likizo ndefu, nami sikubaki mjini. Nimekuja huku milimani kufanya kazi ya kuhudumia wageni. Ni eneo la utalii, lakini si wa wanyama kama wa kwetu. Bondeni kuna uwanja mkubwa wa michezo, una mabembea marefu kuliko mnara wa simu, na treni ndogo zinazopinduka na watu ndani yake. Wanapiga kelele kama wanachinjwa, wakishuka wanapanga foleni wapinduliwe tena. Nilidhani watu wote wanakuja kwa ajili ya hiyo. Kumbe wengi wanamaliza siku moja tu humo, wanachoka na jua na foleni, halafu wanaanza kuuliza kuna kitu gani kingine. Hao ndio wanaokuja kwetu.

Wengine wanakwenda mtoni. Mtu anakaa kwenye tyubu la tairi kubwa, anaelea na maji mpaka chini, gari linamrudisha juu, anaelea tena, hivyo hivyo mpaka jioni. Wengine wanapanda farasi. Wapo wanaokwenda kwenye shamba la mtu kuchuma matunda, na wao ndio wanaomlipa mwenye shamba ili wamchumie, usinicheke. Wapo wanaokaa msituni giza likiingia, kimya kabisa, wazee kwa watoto, wakitazama vimulimuli. Wiki zangu za kwanza niliwekwa kwenye banda la kuchekecha udongo. Mgeni ananunua ndoo ya udongo, anakaa kando ya mfereji, anachekecha mpaka aone vijiwe vya rangi. Vijiwe tumevitia sisi wenyewe asubuhi. Nikamkumbuka Mjomba anavyochekecha kule upande wa Shelui mwaka mzima, mgongo umepinda, na hakuna mtu aliyemtilia dhahabu. Nilimsimulia mwenzangu wa bandani, msichana wa Jamaika. Akasema, "Mwambie mjomba wako aje huku. Hapa hakosi." Nilicheka mpaka mteja akatugeukia.

Lakini siwadharau. Nimewatazama sana, unajua nilivyo na tabia ya kutazama. Nimemwona baba mmoja akielea na mwanawe amemlalia tumboni, wote wamefumba macho, na nikaona kwamba mtu yule hajapumzika hivyo kwa muda mrefu sana. Usiku ule nilijiuliza sisi tulikuwa tunapumzikia wapi. Tulipumzikia juu ya jiwe. Hatukuita likizo, lakini baada ya kupalilia, mimi na kaka Daudi tulipanda pale na kulala chali, jiwe bado lina joto la mchana, na yeye alinichorea kwa mkaa nchi zote alizosema atafika. Marekani aliichora ndogo kuliko Manyoni.

Najua wewe hukumbuki hayo unapoliona. Wewe unakumbuka asubuhi aliyomfuata mbuzi juu ya jiwe likiwa limelowa mvua, akateleza. Mimi nilikuwa chuoni Dodoma. Mlinipigia mkaniambia Daudi anaumwa kidogo, nije. Nilipanda basi nikijua. Na nilipofika, kitu cha kwanza nilichokiona ni mgongo wako, umelipa jiwe kisogo, na hujaligeukia tena mpaka leo. Uliita fundi akaziba kwa matofali dirisha la chumba chako, na mlango wa jikoni ukahamishiwa upande wa barabara.

Sasa nikueleze ninachofanya. Mwezi uliopita walinitoa bandani wakanipeleka kwenye mawe. Kuna jiwe hapa, kimo chake kama letu, ambalo wageni wanalipanda kwa kamba. Kamba inapita kwenye pete ya chuma kule juu. Upande mmoja anafungwa mgeni, kiunoni na mapajani, na upande wa pili unashikwa na mtu aliyesimama chini. Akipanda, yule wa chini anavuta kamba isilegee. Akiteleza, anaibana, na mgeni ananing'inia bila kuanguka. Mtu wa chini ni mimi. Mzee Walt, mwenye kazi, alinifundisha akanijaribu siku nyingi kabla ya kuniachia mgeni. Nilipomwambia nilikuwa na kaka aliyeanguka, alisema, "Basi hutasinzia."

Nilipoanza kazi hiyo nilipata wazo, na likawa kubwa kila siku. Nilisema: watu hawa wanatoka mbali, wanaacha mabembea, wanakuja kushika jiwe kwa mikono. Kwetu Unyambwa mawe yako kila mahali, na ziwa liko karibu na ndege wake, na upepo. Kwa nini tulichome letu moto lipasuke liwe kokoto? Niliposikia habari ya mtu wa lori, nilikuwa nimeshapanga maneno yote ya kukuambia. Nilitaka kukuambia, Mama, usimjibu. Nikimaliza masomo nitakuja na kamba. Tutalifanya mahali pa kupumzika tena. Na wewe siku moja utageuka, utaliona lilivyo zuri, na utapona. Nilikuwa na uhakika. Nilibaki kutafuta namna ya kuanza.

Jumamosi moja walikuja watu watatu: mama mmoja, binti yake mwenye umri kama wa Neema, na dada wa yule mama. Binti ndiye aliyetaka kupanda. Mama yake alikifungua kiti chake cha kukunja, akakiweka kuelekea maegesho ya magari, akakaa ametugeuzia mgongo.

"Linda," dada yake akamwambia, "umekuja milimani kutazama magari?"

"Nimekuja. Hilo linatosha."

Nilimfunga binti mikanda. Nikamuuliza kama yuko tayari, akasema ndiyo, kisha akaninong'oneza, "Mama yangu haogopi mawe. Anaogopa juu. Baba alianguka akiezeka paa." Nilikagua fundo mara nyingine.

Alipanda vizuri mpaka nusu. Hapo akasimama. Mguu wa kulia ukaanza kutetemeka, na kutoka chini nilisikia akisema, "Siwezi. Siwezi kwenda juu, siwezi kurudi." Mzee Walt alikuwa upande wa pili na wageni wengine. Nikambania kamba, nikamwambia akae kwenye mkanda kama anavyokaa kwenye kiti, aniachie uzito wake wote. Hakutaka kuliachia jiwe. Akaanza kulia.

"Yuko wapi?" mama yake akauliza. Hakugeuka. Mikono ameibana kwenye kiti.

"Amefika nusu. Amesimama," nikamwambia. "Nimemshika."

"Linda, geuka," dada yake akasema. "Akikuona atapata nguvu. Geuka uone, mbona panapendeza."

"Niache."

"Utajitesa hivi mpaka lini? Jiwe tu hilo."

"Nimesema niache." Kisha akaniambia mimi, "Wewe mwenye kamba. Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Analia, na mguu mmoja unatetemeka. Kamba imekaza. Nimemshika."

Tulikaa hivyo. Kila baada ya muda aliuliza, nami nilimjibu kile nilichokiona, bila kuongeza. Bado. Amefungua mkono mmoja. Ameurudisha. Nimemshika. Mikono yangu ilikuwa inauma, lakini nilikuwa na utulivu ambao sijawahi kuwa nao maishani, Mama. Mwishowe binti akachoka, mikono ikamlegea yenyewe, akakaa kwenye mkanda bila kupenda, na akaona haanguki. Nikaanza kumshusha polepole. "Anashuka," nikasema. "Amepita kichaka. Yuko kimo cha mlango. Miguu imegusa chini." Hapo ndipo yule mama alipogeuka, na hakulitazama jiwe. Alimtazama mtoto.

Nilipokuwa nakunja kamba alinifuata. Akasema tangu mumewe afariki kila mtu anamwambia ageuke, aangalie uzuri, atoke, ajizoeshe. "Wewe peke yako hukuniambia nigeuke. Uliniambia tu yuko wapi."

"Nilikuwa na kamba mkononi," nikamjibu. "Sikuwa na nafasi ya ushauri."

Akacheka kidogo, akanishika bega, akaenda.

Mimi nilizunguka nyuma ya gari nikakaa chini. Maneno yote ya dada yake Linda yalikuwa maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, kwa Kiswahili kizuri, tayari kuyatuma kwako. Geuka, Mama. Panapendeza. Utajitesa mpaka lini. Na mimi niko mbali, nalala kitanda cha ugenini, na anayeamka kila asubuhi kando ya jiwe lile ni wewe.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Mjibu mtu wa lori kwamba binti yako amekubali. Alivunje.

Ila nina mambo ya kuomba, na haya nayataka kama mkubwa, maana wewe ndiye uliyeniita mkubwa. Alivunje lote mpaka chini ya ardhi. Asiache nusu akahamia kwa mwingine, kwa sababu nusu ya jiwe itakuwa mbaya kuliko jiwe zima. Mtu yeyote wa ukoo wetu asipande juu yake, hata kama atapewa kazi. Na siku watakapoanza kuwasha magogo na kulimwagia maji lipasuke, wewe usiwepo. Nenda Ihanja kwa Mama mkubwa, kaa huko, mwache Neema alishe kuku, usirudi mpaka Neema akupigie kwamba moshi umekwisha na lori limeondoka. Usijikaze kubaki ili watu wakuone una moyo. Hakuna anayekudai moyo.

Wala usiogope kwamba utakuwa umemwondoa Daudi. Kisimani bado wanakuita Mama Daudi, na hilo halipakiwi kwenye lori.

Mimi nalipenda jiwe lile. Nalisema hapa mara moja, ili usije ukasikia kwa mtu mwingine ukadhani nimekuficha, na sitalisema tena, kwa simu wala nikija. Ni langu kulibeba, na nina nguvu za kulibeba. Wewe beba lako.

Nisalimie Baba mdogo. Mwambie ni kweli halikamuliwi, na kwamba yeye hasa ndiye niliyemkusudia niliposema mtu wa ukoo asipande, kwa sababu ana presha na namjua atataka kuwaonyesha vijana. Msalimie Neema, mdogo wangu, mwambie akazane na shule, na ahsante kwa kutozisoma karatasi hizi. Mama mkubwa wa Ihanja mpe shikamoo yangu utakapofika, umwambie akupikie uji wa uwele, asikuachie jembe. Na jirani yetu Bi Halima, aliyelala nawe chumbani siku zote za msiba na hakuniruhusu niamke kuwasha moto, mpe mkono wangu kwa muda mrefu kuliko salamu ya kawaida.

Nikijaliwa kumaliza masomo nitakuja. Nitaweka mzigo ndani, nitakusalimu, halafu nitatoka kidogo nyuma ya nyumba. Nikikawia, usiniite na usitume mtu. Nitarudi mwenyewe, tule.

Ni mimi mwanao,
Salome